Kiasi na Mabadiliko: Mwongozo Kamili wa Kupanga Mazoea ya Kila Siku

Kwa miezi miwili nilikimbia kila alfajiri bila kukosa hata siku moja. Njia ileile, viatu vilevile, kasi ileile, nusu saa kamili. Moyoni nilijisifu kwamba hatimaye nimekuwa mtu wa nidhamu. Wiki ya tisa nikaamka na maumivu kwenye ugoko wa mguu wa kulia, mahali padogo ambapo nikipabonyeza kwa kidole gumba naruka. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenipima aliniuliza maswali mawili tu: kwa wiki unapumzika siku ngapi, na ukiacha kukimbia unafanya mazoezi gani mengine? Yote mawili sikuwa na jibu. Nilikaa wiki sita bila kukimbia.

Wahenga walisema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Nilikuwa naijua methali hiyo tangu utotoni, lakini nilidhani inawahusu watu wa anasa na makelele. Sikufikiri kwamba hata jambo jema, likipigwa palepale kila siku, hupasuka vilevile.

Tangu hapo nimelishika suala hili kwa uzito. Nimegundua kwamba ushauri wa "fanya kila kitu kwa kiasi" hautusaidii wengi kwa sababu unachanganya mambo. Kuna mazoea yanayohitaji kipimo. Kuna yanayohitaji kubadilishwabadilishwa. Kuna yanayotakiwa kubaki palepale yalipo, na machache ya kuachwa kabisa. Ukilipa zoea dawa isiyo yake, unajiumiza: mtu anabadilisha saa za kulala kila siku, jambo ambalo lingetakiwa litulie, halafu anakula kitu kilekile mwezi mzima, jambo ambalo lingetakiwa libadilike. Kazi kubwa basi ni kujua lipi ni la wapi. Hatua zifuatazo ndizo ninazozitumia mwenyewe, kwa mpangilio huohuo.

Hatua ya 1: Andika siku tatu kama zilivyo

Kabla ya kubadili chochote, chukua daftari, uandike siku tatu: mbili za kazi na moja ya mapumziko. Andika saa uliyoamka, ulichokula na kunywa, muda uliokaa kitini, muda uliotembea, mara ulizoshika simu bila sababu, saa uliyozima taa. Usijihukumu na usijirekebishe kwa siku hizo tatu. Ukianza kujionyesha mzuri mbele ya daftari, umeharibu kipimo kabla hujapima.

Andika papo hapo, usingoje jioni. Kumbukumbu ya jioni hupenda kusahau vile vitu vidogo ambavyo ndivyo tunavyovitafuta. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na kila chovyo peke yake huonekana si kitu.

Ukurasa wangu wa kwanza bado ninao. Saa 1 asubuhi, chai. Saa 4, kahawa. Saa 8 mchana, kahawa. Saa 10 jioni, chai, na pembeni nimeandika "wenzangu walikuwa wanakunywa". Halafu chini kabisa ya ukurasa: "Saa 6 usiku, sina usingizi, sijui kwa nini." Niliusoma ukurasa ule siku ya nne na jibu lilikuwa limekaa mistari michache tu juu ya swali.

Hatua ya 2: Gawa mazoea yako katika mafungu manne

Chora mistari upate safu nne, kisha hamishia humo yale uliyoyaandika.

Safu ya kwanza ni ya mambo ya kuwekewa kipimo. Haya ni mambo yasiyo mabaya yenyewe, ila ubaya wake unakuja kwa wingi: sukari, chumvi, kafeini (kile kichangamsho kilichomo kwenye kahawa na chai), simu, kazi za ziada, hata habari. Kwa kweli karibu kila kitu kina kikomo chake. Maji ndiyo mfano ninaoupenda. Figo zenye afya huweza kutoa takriban lita moja ya maji kwa saa. Mtu akinywa kupita hapo kwa saa kadhaa mfululizo, sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) katika damu hushuka, na wapo waliopoteza maisha kwa namna hiyo, wakiwemo wakimbiaji wa masafa marefu waliodhani wanajilinda. Vitamini nazo ni vivyo hivyo. A, D, E na K huhifadhiwa mwilini pamoja na mafuta, hivyo anayemeza vidonge vyake kiholela akidhani vitamini haziwezi kuzidi anajikusanyia madhara.

Safu ya pili ni ya mambo ya kubadilishwabadilishwa: vyakula, aina za mazoezi, mikao ya kazi, namna ya kujifunza, namna ya kupumzika. Hapa tatizo huwa ni kurudia kitu kilekile kwa namna ileile mpaka mwili au akili ichoke upande mmoja.

Safu ya tatu ni ya nguzo, mambo yasiyotakiwa kuguswa. Saa ya kuamka imo humu. Dawa ulizoandikiwa na daktari zimo humu, na tafadhali zisiondoke humu. Kuna mtu husema "sipendi kutegemea dawa sana, nakunywa kwa kiasi", akimaanisha anaruka siku. Dawa ya shinikizo la damu au ya kisukari tayari imeshawekewa kiasi chake na aliyekuandikia. Ukiona inakusumbua, rudi kwake muizungumzie.

Safu ya nne ni ya kuacha. Si kila kitu kinapatana na neno "kiasi". Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema wazi kwamba hakuna kiwango salama cha tumbaku, na kuhusu pombe nalo limeshasema hakuna kiasi kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Na hata jambo lililo la kiasi kwa mwingine linaweza kuwa la safu ya nne kwako. Aliyewahi kuzama katika kamari hana haja ya kujaribu kucheza "kidogo tu". Hapo kuacha ni rahisi kuliko kupima, na hakuna aibu yoyote katika kukubali hilo.

Kama una mimba, unanyonyesha, una kisukari, ugonjwa wa figo au wa moyo, au umewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula au kula kupita kiasi, peleka safu zako kwa mhudumu wa afya anayekujua kabla hujaanza. Namba nitakazozitaja ni za watu wazima wenye afya.

Hatua ya 3: Chagua zoea moja

Mshika mbili moja humponyoka. Chagua moja tu la kuanzia, lile ambalo likitengemaa litavuta mengine. Kwangu lilikuwa kafeini ya jioni, kwa sababu usingizi uliporudi, alfajiri ilirudi, na hasira za asubuhi zikapungua bila mimi kuzishughulikia.

Hatua ya 4: Weka kipimo kinachohesabika

"Nitapunguza sukari" si kipimo. Ukiulizwa jioni kama umefanikiwa, utajibu kwa kubahatisha. Kipimo ni kitu unachoweza kukihesabu kwa vidole au kukiona kwa macho: vijiko vingapi, vikombe vingapi, mpaka saa ngapi, mara ngapi kwa wiki.

Nianze na sukari maana hapo ndipo nilipojifunza kuchunguza. WHO linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati tunayopata kwa siku, na kwamba ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayetumia kilokalori 2,000 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 50, na asilimia 5 ni gramu 25. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina takriban gramu 4, hivyo tunazungumzia vijiko 12 kwa kiwango cha juu na 6 kwa kile bora. Asali na juisi ya matunda zimo kwenye hesabu hiyo. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima au maziwa haimo.

Mimi nilikuwa nikiweka vijiko vitatu kwenye kila kikombe, vikombe vinne kwa siku, jumla 12. Nikajiona nipo ndani ya mpaka. Siku moja nikachota kijiko kama nilivyozoea na kukimimina kwenye mizani ndogo ya jikoni. Gramu 7. Nikachota tena, safari hii nikapitisha mgongo wa kisu juu yake ili kilima kile kidondoke. Gramu 4. Kumbe kijiko changu kilikuwa karibu viwili, na sikuwa kwenye gramu 50 bali 84, kabla sijahesabu kitu kingine chochote nilichokula. Sikuwa nimemdanganya mtu. Sikuwa nimepima tu. Ndiyo maana nasisitiza: kwa wiki moja, pima kwa chombo halisi. Baada ya hapo jicho lako litakuwa limefundishika na hutahitaji mizani tena.

Chumvi: chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, kwa kujumlisha yote. Ugumu wake ni kwamba chumvi nyingi huja imeshaingia ndani ya vyakula vya kiwandani, mikate, soseji, viungo vya mchuzi vya pakiti. Hivyo kipimo kizuri cha kuanzia ni kutoweka kichupa cha chumvi mezani, na kusoma maandishi ya pakiti mbili unazozitumia zaidi.

Kafeini ina kipimo cha wingi na kipimo cha saa, na cha saa ndicho watu husahau. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inaona miligramu 400 kwa siku hazimtii wasiwasi mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito. Kikombe cha kahawa cha mililita 240 mara nyingi hubeba kati ya 80 na 100, chai nyeusi karibu nusu yake. Kwa wingi, basi, sikuwa nimevuka. Tatizo lilikuwa saa. Kwa wastani mwili huhitaji kama saa tano kuondoa nusu ya kafeini uliyokunywa, ingawa watu hutofautiana sana. Ukinywa kikombe saa 10 jioni, saa 3 usiku nusu yake bado inazunguka mwilini, na saa 8 usiku bado robo. Kipimo nilichojiwekea ni kifupi: kikombe cha mwisho kiishe kabla ya saa 7 mchana. Baada ya siku nne nililala saa 4 usiku na sikusikia kitu mpaka alfajiri.

Simu haipimiki vizuri kwa dakika peke yake, maana dakika kumi za kuzungumza na mama si sawa na dakika kumi za kutelezesha kidole. Weka mpaka wa mahali na wa saa: haiingii chumba cha kulala, haikai mezani wakati wa kula, arifa zote zimezimwa isipokuwa za watu. Mipaka ya namna hii haihitaji uiamue upya kila mara, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Hatua ya 5: Shuka ngazi kwa ngazi

Anayeacha kahawa ghafla huumwa kichwa, kwa kawaida ndani ya saa 12 hadi 24, na hali hiyo huweza kudumu siku kadhaa mpaka wiki nzima. Wengi hukata tamaa hapo, wakidhani mwili umewathibitishia kwamba hauwezi bila kahawa. Punguza nusu kikombe kila baada ya siku mbili au tatu na kichwa hakitagundua.

Ulimi nao hujifunza. Ukipunguza nusu kijiko cha sukari kwa wiki, kila wiki utaona chai ya wiki iliyopita ilikuwa tamu kuliko ulivyodhani. Mimi kutoka vitatu vya kilima hadi kimoja cha kusawazishwa nilitumia wiki nane. Sikuwahi kunywa chai niliyoichukia hata siku moja katika hizo wiki nane, na nadhani hiyo ndiyo sababu sijarudi nyuma.

Hatua ya 6: Ingiza mabadiliko mahali panapofaa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mabadiliko hueleweka vibaya zaidi kuliko kiasi.

Tuanze na chakula. Hakuna chakula kimoja chenye kila kitu mwili unachohitaji, hilo linajulikana. Sababu ya pili haitajwi sana: kubadilisha hupunguza hatari. Samaki wakubwa wanaowinda wenzao, kama papa, hukusanya zebaki, metali yenye sumu, nyingi kuliko samaki wadogo. Anayekula aina moja tu anabeba faida yake yote na hasara yake yote. Anayebadilisha, hasara ya kimoja haimlundikii.

Njia nyepesi ni kubadilisha ndani ya ukoo mmoja wa chakula. Usibomoe mlo wako. Kama kila siku unakula jamii ya kunde, wiki hii ziwe maharage, wiki ijayo dengu, kisha choroko. Kama ni mboga za majani, zungusha. Matunda na mboga zifike angalau gramu 400 kwa siku, sawa na mafungu matano ya gramu 80, na hapo viazi na mihogo havihesabiwi kwa kuwa ni wanga. Ukiwa sokoni, nunua kitu kimoja ambacho hukukinunua wiki iliyopita. Kimoja tu kinatosha.

Lakini kuna upande wa pili. Mwaka 1981 mtafiti wa ulaji Barbara Rolls na wenzake walionyesha kwamba watu waliopewa sandwichi za vijazo vinne tofauti walikula zaidi, kama theluthi moja, kuliko waliopewa za aina moja. Ladha moja ikituchosha, ladha mpya hufungua hamu upya. Ndiyo sababu mtu aliyeshiba kabisa huiona nafasi ya kitu kitamu. Kwa hiyo usambaze mabadiliko kwenye wiki, hasa katika mboga, matunda na nafaka, na vitafunwa viwe aina moja tu nyumbani kwa wakati mmoja. Kipimo ulichoweka kwenye hatua ya 4 hakiwezi kupambana na kabati lenye biskuti za aina tano, litakishinda kila jioni.

Mazoezi. Kwa mtu mzima WHO linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, au mchanganyiko wa hayo, na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Kujua kama ni ya wastani, ongea: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko palepale. Ukitoa maneno mawili matatu tu kisha unavuta pumzi, umeingia kwenye makali.

Namba hizo zinaweza kutimizwa kwa kukimbia peke yake, na hapo ndipo nilipoumia. Mfupa na misuli huimarika wakati wa kupumzika baada ya mzigo. Mzigo uleule ukirudi kila siku mahali palepale, ukarabati hauwahi. Siku hizi wiki yangu ni hivi: Jumatatu na Alhamisi nakimbia, Jumanne na Ijumaa nafanya mazoezi ya nguvu kwa uzito wa mwili wangu, Jumatano natembea, Jumamosi naogelea au napanda baiskeli, Jumapili sifanyi chochote cha makusudi. Jumla ya dakika ni karibu ileile ya zamani. Kilichobadilika ni kwamba kila siku kiungo tofauti ndicho kinachobeba. Ukianza kutoka sifuri usiige wiki hii yangu. Anza na kutembea siku tatu, uongeze kidogo kidogo.

Kazi ya kukaa. Kwa macho kuna kanuni rahisi: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa kama mita 6 kwa sekunde 20. Kwa mgongo, mkao mzuri ni ule utakaohamia baada ya huu uliopo. Kaa wima, egemea, simama, tembea hadi dirishani, rudi. Nimewaona watu wakinunua kiti cha bei kubwa kisha wakakaa humo saa sita bila kuinuka.

Kujifunza pia hunufaika. Tangu mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, imeonekana tena na tena kwamba saa tatu zilizogawanywa katika siku kadhaa hubaki kichwani kuliko saa tatu za mkupuo mmoja. Kama unajifunza lugha, dakika 25 kila siku, leo kusikiliza, kesho kuandika, keshokutwa kuzungumza. Utajisikia unakwenda polepole, maana kila siku unakutana na ugumu mpya, lakini ugumu huo ndio unaokufundisha. Hii haina maana ya kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Badilisha baina ya vipindi, na ndani ya kipindi tulia na kitu kimoja.

Na starehe. Ukitaka kuuchukia wimbo unaoupenda, ufanye mlio wa kukuamsha kila asubuhi. Jambo tunalolipata kila siku hupoa, hata liwe zuri namna gani. Kama filamu ya kila usiku haikufurahishi tena, usitafute filamu kali zaidi. Ziwe usiku tatu kwa wiki, na usiku mwingine usome, umpigie mtu simu, au ukae tu nje. Utaona ile ya Ijumaa imerudisha utamu wake.

Hatua ya 7: Simamisha nguzo mbili au tatu

Mabadiliko yote hayo hayawezi kukaa hewani. Yanahitaji kushikwa na mambo yasiyobadilika. Nguzo ya kwanza ni saa ya kuamka, ileile hata siku ya mapumziko, au isipishane zaidi ya saa moja. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi za usingizi, hivyo hesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kuamka upate saa ya kuzima taa. Mwili una saa yake ya ndani, na mwanga wa asubuhi ndio huiweka sawa. Ukilala hadi mchana siku mbili, umeisogeza, na Jumatatu unailipia.

Nguzo ya pili ninayoipendekeza ni mlo mmoja usiohitaji kufikiriwa. Kifungua kinywa changu ni kilekile siku tano. Tunda ndilo linalobadilika. Maamuzi ya siku ni mengi, na sipendi kuanza kuyafanya saa 1 asubuhi.

Hatua ya 8: Jiandae kwa siku zitakazoharibika

Zitakuja. Msiba, safari, mtoto kuumwa, au uchovu tu.

Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti wa watu 96 waliojaribu kujenga zoea moja kwa wiki 12, kama vile kula tunda wakati wa chakula cha mchana au kukimbia dakika 15 kabla ya chakula cha jioni. Kwa wastani zoea lilichukua siku 66 kufika mahali pa kujiendesha lenyewe, na makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Zile siku 21 tunazoambiwa kila mahali zisikufanye ujione mvivu. Na kuna jambo jingine katika utafiti huo linalonipa moyo kila nikilikumbuka: kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa zoea.

Kwa hiyo andaa mapema toleo dogo la kila zoea. Toleo dogo la kukimbia ni kutembea dakika kumi. La kusoma ni kurasa mbili. La mboga ni nyanya moja iliyokatwa pembeni ya sahani. Siku mbaya, fanya dogo uhesabu umefanya. Kisichofaa ni kulipiza: kukimbia mara mbili kesho kwa sababu jana hukukimbia, au kujinyima chakula leo kwa sababu jana ulikula sherehe. Kulipiza ndiko kunakozaa kuyumba, kutoka kupitiliza huku hadi kupitiliza kule, na katikati hupiti hata kidogo.

Sherehe zenyewe zina haki yao. Ukialikwa harusini, kula na ufurahi na watu wako. Kiasi kipimwe kwa wiki, si kwa sahani moja.

Hatua ya 9: Pitia ukurasa kila wiki, na safu kila mwezi

Jumapili jioni, dakika kumi. Kwa kila zoea weka alama ya siku ulizotimiza. Usiandike maelezo marefu wala visingizio. Ukipata siku tano kati ya saba, endelea hivyo hivyo. Ukipata mbili, kipimo ni kigumu mno kwa maisha uliyonayo sasa. Kilegeze: kama ulisema dakika 30, ziwe 15. Watu wengi hufanya kinyume, hukaza kamba kila wanaposhindwa, na ndipo huliacha jambo lote.

Mwisho wa mwezi rudi kwenye zile safu nne uangalie kama kila kitu kiko mahali pake. Zoea huhama. Kutembea kwangu kulianza kama jambo la kubadilishwabadilishwa, siku hizi ni nguzo. Mtandao mmoja wa kijamii niliokuwa nimeuwekea dakika 20 nimeuhamishia safu ya nne, baada ya kuona miezi mitatu mfululizo kwamba sikuwahi kuishia kwenye dakika 20. Na zoea lililokwisha kujiendesha lenyewe, ambalo hulikumbuki mpaka ukutane nalo kwenye orodha, lifute kwenye ukurasa wa kila wiki. Nafasi yake ichukuliwe na la pili kutoka kwenye zile siku tatu ulizoandika mwanzoni, na kipimo chake kianze kidogo kama kilivyoanza cha kwanza.